Fundi wa Matimba na Vipande Kumi na Sita

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kubwa, yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Nawashukuru. Nahisi mmoja wenu aliichagua kwa makusudi, maana kwa miaka yangu yote kazini nimewaomba wagonjwa wanichoree saa kwenye karatasi, na nimeletewa saa zenye namba zote upande mmoja, saa zenye mishale mitano, na moja yenye miguu. Mliniomba pia niwaandikie yale yasiyokuwemo kwenye mafaili. Habari za vyeo naziacha. Vyeo vilinipita njiani bila kunisalimia, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilizaliwa Ibadakuli, nikasomea uuguzi, nikakaa wodi ya watoto mpaka nikaanza kuwabembeleza hata watu wazima. Ndipo nikahamishiwa kitengo cha afya ya akili, katika hospitali moja ndogo upande wa Kahama, kwenye njia ya malori na wachimbaji. Sitaji jina lake. Majengo yale yalishavunjwa, na yaliyopo sasa hayana kosa lolote.

Kitengo chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya mahindi. Mlangoni paliandikwa namba kumi na nne, lakini mlango ulikuwa kati ya namba sita na namba saba, kwa sababu aliyeandika namba alifuata jinsi vyumba vilivyopakwa rangi, siyo jinsi vilivyojipanga. Siku yangu ya kwanza mapokezi walinipigia simu saa mbili asubuhi kwamba wananiletea mgonjwa, dereva wa lori aliyekuwa anatafuna mirungi miaka mingi ili asisinzie safarini. Nikajiandaa, nikanyoosha shuka la kitanda. Saa sita mchana hajafika. Nikatoka kumtafuta, nikamkuta kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, katikati ya akina mama, ameshika kadi ya foleni kwa mikono miwili.

"Nimeambiwa nitaitwa," alisema kwa upole.

Mkuu wa kitengo alikuwa Sista Konsolata, Msumbwa mfupi aliyevaa sweta hata mwezi wa Oktoba, wakati sisi wengine tunatafuta kivuli cha nguzo. Niliporudi na dereva wangu alifungua daftari akaandika: "Amefika. Amepitia kwa wajawazito." Nilicheka, nikasema kosa ni la zile namba za milango.

"Namba zina makosa yake," alisema Konsolata. "Lakini wengine hupotea mara moja, wakishaelekezwa wanajua. Huyu subiri aende chooni uone."

Dereva alikwenda chooni, akarudi kupitia jikoni. Alipoondoka jioni alimshukuru mpishi kwa matibabu.

Somo langu la kwanza lilikuwa hilo, na ilinichukua miaka kulielewa. Sote tulijua mirungi inavyomfanya mtu: hapati usingizi, hali chakula, meno yanaharibika, anaanza kushuku kwamba jirani anamchungulia. Wachimbaji walikuwa wanakula gomba, yaani mirungi hiyo hiyo, ili wafanye kazi siku mbili mfululizo, na wengine waliongezea vidonge vya kuzuia usingizi ambavyo hata aliyewauzia hakujua vimetengenezwa na nini. Konsolata ndiye aliyenionyesha jambo jingine. Wale waliotumia kwa miaka mingi, baadhi yao, walikuwa wamepoteza akili ya nafasi na mielekeo: kitu kipo wapi, kinageuka vipi, hiki kitaingia pale au hakitaingia.

"Mdomo ndio unaougua mwisho," aliniambia. "Mtu atakueleza njia vizuri kabisa, halafu apotee humo humo alimokueleza. Usimuulize anafikiri nini. Mpe kitu ashike."

Kitu chenyewe kilikuwa vipande kumi na sita vya mbao ya mninga, kila kimoja na pande sita kama dadu, vilivyopakwa rangi nyekundu na nyeupe na pande nyingine nusu kwa nusu. Fundi wa mjini alivitengeneza kwa kuangalia picha. Tunamwonyesha mgonjwa kadi yenye mchoro, naye apange vipande vifanane na mchoro. Kadi za mwanzo zinahitaji vipande vinne, za mwisho vyote. Ni kazi rahisi mpaka uijaribu. Mganga mkuu alijaribu mara moja, akasema ana kikao.

Hapa nawaomba vijana msome polepole. Vipande haviongei peke yake. Mtu asiye na miwani atafeli. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu atakuchorea saa mbaya, na akili yake ni nzima kuliko yako. Nilimpa mzee mmoja mfugaji karatasi, akaigeuzageuza akanirudishia kwa heshima. Nikampa mawe, nikamwomba anionyeshe boma lake lilivyo. Aliweka zizi, lango, nyumba za wake wawili, mahali pa ndama, na pale mbwa anapolala. Mimi nilipojaribu kuliweka boma la baba yangu Ibadakuli, aliniuliza kwa nini ng'ombe wetu tunawaingiza kwa kupitia jikoni. Vilevile kuna waliowahi kugongwa kichwa, kuna walioishi kwa njaa, na kuna wanaotafuna miaka ishirini na wakapanga vipande vyote bila shida. Ukiona amefeli, usikimbilie kuandika "mirungi". Andika ulichokiona.

Sasa niwaeleze kuhusu Jilala, kwa sababu kila mmoja wenu amesikia habari zake, na wengi mmezisikia vibaya.

Jilala alikuwa fundi wa matimba, yaani magogo yanayopangwa ndani ya shimo la dhahabu kuzuia kuta zisiporomoke. Machimboni upande wa Geita walimjua. Walisema shimo lililopangwa na Jilala unaweza kulala ndani, na wengine walilala kweli. Alitafuna mirungi zaidi ya miaka kumi na minne, kwa sababu shimo likianza kupangwa haliachwi katikati, na yeye hakupenda mtu mwingine aguse kazi yake.

Aliletwa na mkewe, Mama Holo, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Alikaa, akaweka mkoba mapajani, akanisalimia kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, Sista. Mume wangu amehama nyumba mara tatu mwezi huu, na sisi hatujahama."

Nikamwomba afafanue. Jilala alikuwa akitoka kisimani anaingia nyumba ya jirani, anakaa, anauliza chakula kiko wapi. Jirani alimpa chakula mara mbili kwa adabu. Mara ya tatu alimpa chakula na kumuuliza Jilala amemkosea nini Mama Holo. Halafu lilikuja suala la jiko. Jilala alijenga jiko jipya nyuma ya nyumba, ukuta umenyooka, pembe zote sawa, na mlango ukaishia kwenye nguzo aliyoisimamisha mwenyewe.

"Unafunguka kiasi cha paka," alisema Mama Holo. "Mimi siyo paka, Sista."

Jilala mwenyewe alikaa pembeni, mwembamba, kofia mkononi, akitabasamu kama anayesikiliza habari za mtu mwingine. Hakuja kwa sababu ya jiko. Alikuja kwa sababu alihitaji barua. Magogo mawili aliyoyapanga yalikuwa yamechomoka, asubuhi kabla watu hawajashuka, na afisa anayekagua machimbo akasema Jilala hashuki tena mpaka hospitali iandike kwamba akili yake iko sawa. Barua za namna hiyo alisaini daktari, lakini daktari alisaini nilichoandika mimi.

Nilimwomba anieleze anavyopanga shimo. Vijana, ningekuwa na dhahabu ningemkabidhi. Alieleza nguzo nne za pembeni, vikingamo vinavyozishika, upande wa kamba na ndoo, upande wa ngazi, kabari zinapogongwa na zinaposikilizwa, maana gogo likielemewa linalia kabla ya kuvunjika. Nilishaanza kuandika "yuko sawa" kichwani. Ndipo nikakumbuka nilichofundishwa, nikatoa vipande.

Kadi ya kwanza alipanga. Ya pili alipanga mstari mmoja mrefu kuelekea kwangu, akaniangalia. Ya tatu alihangaika robo saa, akikizungusha kipande kimoja mpaka nikasikia kizunguzungu mimi. Halafu akavisukuma.

"Hivi vipande vimekosewa," alisema.

"Vipo sawa, Baba Holo."

"Hiki siyo sawa na wenzake." Akakiweka juu ya kingine, akafumba jicho moja. "Kimezidi unene wa kucha."

Tukaazima rula kwa mfamasia. Kilikuwa kimezidi. Miaka yote ile hakuna aliyekiona, na yeye aliyekiona hakuweza kupanga vipande vinne vikawa mraba. Konsolata alikitazama kile kipande muda mrefu. "Jicho lake ni zima," aliniambia baadaye. "Mkono wake ni mzima. Kinachokosekana ni picha ya vyote kwa pamoja."

Niliandika kwamba asishuke shimoni kwa sasa, aache mirungi, alale, ale, arudi baada ya miezi mitatu. Jilala aliichukua barua kama mtu aliyepewa hati ya talaka.

Baada ya siku mbili alikuja mwenye shimo, Bwana Salehe, mfanyabiashara wa asili ya Tabora, kanzu safi, adabu nyingi. Alisalimia kila mtu kitengoni mpaka mlinzi. Halafu akakaa.

"Sista, mimi siombi barua ya kusema Jilala anaweza kupanga vidude vya watoto. Naomba ya kusema anaweza kushuka."

"Kushuka anaweza, Bwana Salehe," nilimwambia. "Ninachojiuliza ni kupanda."

Alicheka, akaondoka bila barua. Lakini alinipa wasiwasi, kwa sababu alisema jambo moja la kweli mlangoni: fundi mwingine aliyempata alikuwa mbaya kuliko Jilala akiwa mgonjwa.

Miezi mitatu ikapita. Jilala akarudi amenona, macho meupe. Mama Holo alithibitisha kwamba ameacha mirungi kabisa. Nikampongeza Jilala kwa moyo wake mgumu.

"Siyo moyo," alisema Mama Holo. "Aliificha, akasahau alipoificha. Alitafuta wiki nzima. Mimi niliiona siku ya kwanza, iko ndani ya buti lake, nikanyamaza."

Jilala aligeuka akamtazama mkewe kwa muda. Halafu akatazama buti zake.

Tukaanza vipande. Kadi ya kwanza, sekunde chache. Ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka ya mwisho yenye vipande vyote. Mikono ilikwenda kama ya mcheza karata. Nilifurahi kiasi cha kusahau cheo changu, nikampigia makofi. Konsolata, aliyekuwa dirishani na sweta lake, alikuja taratibu, akachukua kadi ya nne, akaigeuza ubavu, akaiweka tena mezani.

"Hebu hii," alisema.

Jilala aliipanga ile ile, kama ilivyokuwa kabla haijageuzwa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikainama nikasikiliza: "Nyekundu, nyekundu, nusu, nyeupe. Nusu, nyekundu..." Alikuwa ameikariri kama jedwali la kuzidisha.

Ukweli ulitoka kwa Mama Holo. Jilala alikwenda nyumbani akachonga vipande kumi na sita vyake mwenyewe, vizuri kuliko vyetu, hakuna kilichozidi, akapaka rangi. Michoro aliikumbuka Mama Holo, ambaye siku ile ya kwanza alikaa nyuma yangu kimya na mkoba wake, kadi zote zikiwa zimetandazwa mezani. Wakafanya mazoezi kila alasiri. Nilimuuliza Mama Holo kwa nini. Alisema mume wake alikuwa analia, na yeye hakuwa na dawa nyingine.

Jilala hakuomba radhi. Alisema maneno ambayo niliyaandika kwenye faili lake, ingawa hakuna safu ya maneno kama hayo.

"Huku juu, Sista, mimi ni mume wa Mama Holo na mtu aliyekosea jiko. Kule chini ni fundi. Unataka nikae huku juu mpaka lini?"

Aliyejibu ni Konsolata. "Twende tukamwone kwenye kazi yake," alisema. "Lakini juu ya ardhi."

Bwana Salehe alileta gari. Jilala alisisitiza kukaa mbele amwelekeze dereva, Salehe akamwachia kwa adabu, jambo ambalo mimi kama mtaalamu nilipaswa kulizuia. Alielekeza kwa kujiamini, kushoto hapa, kulia pale, na tukatokea kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Meneja akatoka akidhani sisi ni ugeni aliokuwa akiusubiri, akatukaribisha, akatutembeza. Tuliona mashine mbili kabla Salehe hajapata nafasi ya kusema sisi siyo hao. Dereva akageuza gari bila kumuuliza mtu.

Machimboni Salehe alikuwa ameandaa magogo kwenye uwanja tambarare karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Jilala apange matimba ya shimo kamili, kimo cha kumzidi mtu, akifanya kazi kutokea ndani kama afanyavyo chini. Wachimbaji wakaacha kazi, wakakaa kwenye vifusi kutazama. Jilala alivua shati. Na pale, kwa muda, nilimwona fundi waliyekuwa wakimsema. Shoka lilikula mti kwa sauti moja. Vikingamo viliingia kwenye nguzo bila kupigwa mara mbili. Alivipandisha safu kwa safu mpaka kichwa chake kikatoweka nyuma ya magogo, tukawa tunasikia nyundo tu.

Nyundo ikanyamaza. "Tayari," alisema kutoka ndani. "Natoka."

Tukasubiri. Tulisikia anazunguka, mkono ukigusa magogo, huku, kule. Akazunguka tena. Upande wa ngazi, ambao alinieleza kwa ufasaha ule ofisini, alikuwa ameuziba kwa vikingamo, imara, vimegongewa kabari. Upande wa ndoo vilevile. Alikuwa amejijengea ndani.

Wachimbaji wakaanza kucheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia, maana pale katikati ya magogo ulitoka mkono mmoja ukapapasa hewa kama unaotafuta swichi ya taa. Halafu kicheko kikafa chenyewe.

"Salehe," Jilala aliita. "Kama hili lingekuwa chini, ningekuwa na nani humu?"

Salehe aligeukia vifusi. "Masunga na mdogo wake."

Masunga alikuwa amekaa kwenye kifusi mbele yetu. Aliacha kutafuna muwa wake.

"Basi usinishushe," alisema Jilala.

Wakayakata magogo kwa msumeno ili atoke, na ilichukua muda, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri.

Niwaambie ukweli: kwa barua zote nilizowahi kuandika, hakuna iliyofanya kazi kama yale magogo. Konsolata alimfunika shati mabegani, akamuuliza jambo moja tu, gogo lipi kati ya yale ni bovu. Jilala, bila kugeuka vizuri, akanyoosha kidole. "Lile la tatu. Lina ufa kwa ndani." Salehe akaligonga, akalipasua, na ufa ulikuwemo.

Salehe hakuwa mjinga. Kuanzia wiki ile Jilala alikaa mdomoni mwa shimo kwenye kigoda, na hakuna gogo lililoshuka bila yeye kuligonga na kulisikiliza. Yule fundi mwingine alipanga, Jilala alichonga na kukagua. Alikataa nusu ya magogo yaliyoletwa na wauzaji, akawafanya wayarudishe. Wachimbaji wakamwita Forodha. Mwanzoni jina lilimuudhi, baadaye nikasikia amelichora kwenye kigoda.

Aliendelea kuja kwangu kila baada ya miezi michache. Konsolata alistaafu katikati, akaniachia kitengo. Uwezo wa Jilala wa kupanga vipande ulirudi taratibu sana: mwaka mmoja kadi mbili, mwaka uliofuata kadi nne, na sasa nilikuwa nazigeuza kila mara bila mpangilio. Kulia na kushoto alizipata, akazipoteza siku za msiba wa baba yake alipokesha matanga, akazipata tena. Kuna walioacha mirungi siku moja na yeye ambao mpaka leo wanapotea ndani ya soko. Sijui kwa nini yeye alirudi na wao hawakurudi. Nimewahi kufikiri ni usingizi, ni chakula cha Mama Holo, ni ile kazi ya kushika mbao kutwa nzima. Msiandike popote kwamba nimesema najua.

Mwezi wangu wa mwisho kazini alikuja na Bwana Salehe, aliyeota mvi sasa. Yule fundi mwingine alikuwa amehamia Mara, na Salehe alirudi na ombi lake la zamani. Nilimpa Jilala kadi zote. Alipanga zote, polepole, bila kuchezesha midomo. Nikazigeuza, akapanga. Nikachukua karatasi, nikaandika kwamba sioni sababu ya kumzuia kushuka, nikampa aisome kabla daktari hajasaini.

Aliisoma mara mbili. Akaikunja, akaishika.

"Sista, wewe ungeshuka kwenye shimo nililopanga mimi?"

Salehe akatazama dari. Nilifikiri vizuri, kwa sababu Jilala alistahili jibu.

"Ningeshuka," nilisema. "Lakini kwanza ningekuuliza kama umelala."

"Mirungi usingeniuliza?"

"Hiyo utanidanganya. Usingizi nitauona machoni."

Jilala akacheka, akaifungua ile karatasi akanirudishia. "Basi andika hivyo hivyo."

Nikaandika: "Anaweza kushuka, akiwa amelala." Daktari aliisoma, akaniuliza kama huo ni utaalamu. Nikamwambia ndio wote nilionao. Akasaini. Nasikia Salehe ameitia kwenye fremu ya kioo akaitundika kwenye mdomo wa shimo, na kwamba sasa kila asubuhi Jilala hasogei karibu na ngazi mpaka wanaoshuka naye, mmoja mmoja, wamtazame machoni. Na akishatazamwa, anawatazama na wao. Wiki iliyopita, aliniambia Mama Holo, amewarudisha watatu nyumbani kulala, na mmoja wao ni Bwana Salehe.